Nyonga Haidanganyi

Karakana ya Reli
12 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mama, shemeji na mpwa wangu mwenye kelele. Mimi ni mzima wa kila kitu isipokuwa usingizi. Nimepangiwa chumba kimoja na winga wetu wa kushoto. Uwanjani mtu huyu ni mwepesi na mkimya, lakini akilala anakoroma hadi vikombe vinacheza mezani. Dirisha letu linatazama ua wa karakana, kwa hiyo kukicha tu tunaamshwa na nyundo. Glavu ulizonishonea nimezianika hapo hapo dirishani. Vile vipande vya tyubu ulivyoshonea viganjani bado vimeshika, havijafumuka hata uzi.

Sasa sikiliza. Ligi ya mwaka huu si ile ya mwaka jana. Mwaka jana ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na vituko unavikumbuka: timu inafika na watu tisa, refa anasubiriwa hadi jua linazama, mpira unatumbukia kisimani na mechi inaahirishwa kwa sababu hakuna mwingine. Mwaka huu kila goli lazima liwe na nyavu, kila jezi iwe na namba, na matokeo yanasomwa redioni Jumapili jioni. Nimedaka mechi mbili, sijafungwa. Penalti moja, nimeitoa. Kipa wa akiba akaniuliza, "Komeo, ulijuaje atapiga kule?" Nikamwambia niliota.

Ningemwambia nini? Kwamba nina dada fundi cherehani aliyenisimamisha mbele ya geti la bati kule uchochoroni, akanipigia mipira hadi majirani wakaja kushtaki? "Mguu hudanganya, macho hudanganya, nyonga haidanganyi." Bado nakusikia. Naitazama nyonga ya mpigaji tu. Inakoelekea, nami naenda. Siri hiyo ni yako na yangu, na ya lile geti.

Mwambie shemeji mechi ya mwisho ya msimu ni sisi na ninyi, huko kwenu. Aanze kutafuta leso mapema.

Mdogo wako,
Komeo


Nyumbani
3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama anaumwa magoti ila mdomo uko imara. Jana amemfukuza muuza mkaa kwa maneno matupu. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele na analionyesha kwa kila apitaye. Shemeji yako anakusalimu sana. Anasema leso anazo, ila ni zako, anakutunzia.

Huku nasi hatukulala. Kiwandani tuliacha kushona magunia wiki nzima, tukafuma nyavu za goli kwa nyuzi zile zile. Ni nene, mpira ukiingia haurudi mpaka ukavutwe. Namba za jezi nimezikata kwenye pazia kuukuu la ofisi ya meneja, kwa hiyo tisa ya shemeji yako ina ua la waridi katikati ya mgongo. Wenzake walimcheka. Akafunga bao, wakanyamaza.

Ila hilo ndilo bao pekee tulilopata, Komeo. Tumepoteza mechi nne. Na juzi meneja alitukusanya uani, akasimama juu ya robota la magunia, akasema timu ikishuka daraja ataivunja, na kiwanja kitajengwa ghala. Alilisema kwa upole kabisa, kama anayetutangazia sikukuu.

Unakijua kiwanja kile. Hakuna kingine. Pale ndipo mama alipokuwa akikutafuta jioni na mwiko mkononi. Shemeji yako ndiye nahodha, na tangu siku hiyo anakula akiwa amesimama. Lakini usitie shaka, tutapanda. Msimu bado mchanga.

Dada yako


Karakana ya Reli
28 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kimya. Tulikuwa safarini. Tunasafiri kwenye behewa la mizigo, tumelazana juu ya turubai, na kocha wetu anachora mbinu kwa chaki ukutani mwa behewa. Treni ikiyumba, mabeki wote wanahamia kwenye ushambuliaji. Nimepungua uzito kidogo, usimwambie mama. Glavu ziko dirishani, zimekauka vizuri.

Habari ni kwamba penalti sasa ni nne, na zote nimezitoa. Mtangazaji wa redio alinitaja mara mbili Jumapili iliyopita, sijui kama mlisikia. Kocha ameniambia nikimaliza msimu hivi hivi, mwakani pia mimi ndiye kipa namba moja, na karakana itaniajiri rasmi. Hutaniita tena kibarua. Nitakuwa fundi mitambo kamili, mwenye kabati lake na kufuli yake.

Nimesikia pia matokeo yenu. Mtangazaji aliyasoma haraka haraka, nikashukuru.

Dada, nakufahamu. Katika barua yako umeeleza habari ya kiwanja mpaka mwiko wa mama, kisha ukaniambia nisitie shaka. Kama kuna mtu huko anakusukuma uniandikie jambo, mwambie kalamu yako imeishiwa wino.

Mdogo wako,
Komeo


Nyumbani
19 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani sana kwa kuchelewa. Na mwandiko huu uuvumilie. Viganja vinawaka moto. Ni cherehani tu. Mama hajambo, ila ananinunia kwa sababu ya gauni langu la kijani, lile la heshima, eti kwa nini lina tope magotini. Mpwa wako jino jipya limechungulia. Geti la uchochoroni limepinda upande mmoja, tutalinyoosha. Shemeji yako hajambo, anakula ameketi sasa.

Tumeshinda mara mbili na kutoka sare mara moja, umesikia bila shaka. Bado tuko mkiani, lakini tunauona mgongo wa mwenzetu.

Umeniuliza kama nasukumwa. Nasukumwa. Wanakuja hadi kwenye cherehani yangu, mmoja analeta suruali ya kupunguza, mwingine zipu, na wote wana wimbo mmoja: "Mwandikie mdogo wako. Damu nzito kuliko maji. Bao moja tu, atapungukiwa nini?" Jana mke wa meneja amekuja mwenyewe, hana hata nguo ya kushona. Nikampimia kiuno kwa lazima, akaondoka.

Wote nimewajibu hivi: mdogo wangu nimemfundisha kuzuia. Sikumfundisha kingine. Basi, hilo limekwisha.

Dada yako


Karakana ya Reli
8 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hatujambo huku. Winga amepata mchumba, sasa anakoroma kwa furaha. Glavu ziko dirishani.

Ahsante kwa majibu yako. Niliyasoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mzigo ulikuwa umenielemea, umenitua.

Ila kuna kitu. Mimi nimekulia chini ya cherehani yako. Cherehani humchoma mtu kidole, humuumiza mgongo, humpofusha macho. Sijawahi kuiona ikimuumiza mtu viganja vyote viwili. Wala haimpaki mtu tope magotini, wala haipindi geti la bati.

Kikulacho ki nguoni mwako, sivyo? Basi sikuulizi, wala usinijibu. Nimecheka peke yangu hapa mpaka winga akaamka. Uliniambia hukunifundisha kingine ila kuzuia, na hilo ni kweli. Hukuniambia unamfundisha nani kupiga.

Mwambie shemeji apige kwa nguvu zake zote. Penalti ni sita sasa. Hakuna iliyopita.

Mdogo wako,
Komeo


Nyumbani
30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua imenyesha, paa halikuvuja. Mama hajambo. Viganja vimepona.

Tukipata sare na ninyi tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa tunashuka.

Zuia kila utakachoweza kuzuia. Ukinionea huruma sitakusamehe.

Dada yako


Karakana ya Reli
5 Novemba

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama. Samahani sikuja kumsalimu mama. Lori lilikuwa likitungoja nje ya kiwanja na kocha hakutaka mtu abaki nyuma. Nilikuona kule nyuma ya goli, umevaa lile gauni la kijani. Doa la tope halijatoka.

Hongereni. Nalisema kwa moyo mweupe. Kiwanja kizuri, nyavu zenu nene, na watu wenu wana makoo. Tulipopata bao letu kipindi cha kwanza nilisikia hata watoto wachanga wamenyamaza. Sare imetunyima nafasi ya pili, lakini mwaka ujao upo.

Kuhusu ile penalti nitakueleza wewe tu. Shemeji aliuweka mpira, akarudi nyuma, akaja. Nikaitazama nyonga yake. Ilielekea kushoto kwangu, wazi kabisa, hata kipofu angeiona. Nikajiambia: hii si nyonga, huu ni mtego wa dada. Amemfundisha kuigeuza huku apige kule. Miezi yote hii wamepinda geti kwa ajili ya hili. Nikaruka kulia.

Mpira ukaenda kushoto, taratibu, kama mzee anayerudi kwake. Nikiwa chini nilitazama ukiingia. Nilikuwa na nafasi ya kuusindikiza.

Umemfundisha nini mtu huyu, dada?

Huku hali ya hewa ni nzuri. Winga amenunua koti. Nimepaka rangi kiti.

Mdogo wako,
Komeo


Nyumbani
20 Novemba

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Mama anakusalimu na amekusamehe, ila ametaka niandike kwamba lori si sababu. Meneja ametangaza kwamba ghala litajengwa upande wa pili wa barabara, na anavyotembea siku hizi utadhani penalti aliipiga yeye.

Sasa nikuambie kila kitu, maana nimechoka kukuandikia habari za paa.

Ndiyo, nilimfundisha. Jioni baada ya jioni nilisimama kwenye lile geti, mahali pako, nikadaka kama unavyodaka wewe, kwa sababu hakuna mwingine duniani anayedaka hivyo. Yeye akajifunza kugeuza nyonga huku na mguu upige kule. Nilianguka mpaka magoti yakachubuka. Watu walitaka nikuombe uachie. Komeo, kukuomba uachie kungekuwa kukutukana. Kukushinda si tusi. Ndiyo maana nikaamua tukushinde.

Na siku ile nikiwa nyuma ya goli, nikaona nyonga inaelekea kushoto. Nikafurahi. Nikasema sasa mguu utapiga kulia, kama tulivyofanya. Nikaona na wewe umeruka kulia, na moyo ukanipasuka, maana nilijua umetujua, unaudaka. Halafu mpira ukaenda kushoto! Uwanja mzima ulikuwa unaruka, nimesimama peke yangu mdomo wazi.

Shemeji yako kaipiga penalti ya kawaida. Ile ya watoto. Ile aliyokuwa akipiga kabla sijamfundisha chochote. Nikimuuliza kwa nini, ananiomba chumvi. Chumvi iko mbele yake.

Sasa nikuulize na wewe. Katika barua zako zote, toka ya kwanza, glavu ziko dirishani. Hii ya mwisho umenieleza koti la winga na rangi ya kiti. Glavu zangu umezianika wapi?

Dada yako


Karakana ya Reli
1 Desemba

Dada,

Shikamoo. Wewe ni hatari.

Glavu anazo kipa wa akiba. Wasimamizi wa timu wanasema hivi: kipa aliyetoa penalti sita anarukaje upande ambao hata muuza karanga aliona mpira hauendi huko, na mpigaji ni mume wa dada yake? Hawajasema nimeuza mechi. Wamesema "tunatafakari." Kocha nikimpa salamu anatazama viatu vyangu. Habari ya ajira wameiacha hewani mpaka watangaze kikosi cha mwakani, katikati ya mwezi huu.

Ningeweza kueleza. Lakini nikieleza kwa nini niliruka kulia itabidi niseme habari ya nyonga mbele ya chumba kizima, na msimu ujao kila mpigaji wa ligi hii atakuwa amejifunza kugeuza yake. Nitakuwa nimeokoa jina na kupoteza mikono. Nikikaa kimya naipoteza timu. Nimechagua kimya. Nimeumia, sitakuficha, lakini sijutii: niliruka kulia kwa sababu nilikuamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu, na hilo ningelifanya tena.

Tafadhali usije. Na shemeji asijue.

Komeo


Karakana ya Reli, benchi la nje ya ofisi ya timu
12 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Umesema nisije, na wewe tangu lini nikakusikiliza? Barua hii anakuletea bawabu, mzee mwenye kofia, nimempa vitumbua vyangu vya safari aifikishe hapo karakana uliko. Mama hajambo. Mpwa wako yuko naye.

Shemeji yako nilimsomea barua yako nzima. Usinikasirikie. Alinyanyuka mezani bila kuomba chumvi, akaenda kuchukua viatu.

Tumefika asubuhi. Yeye yuko ndani na kocha, wawili tu, mlango umefungwa; wale wenye kutafakari amewaomba watoke, na wametoka, maana unajua kimo chake. Mimi nimekaa hapa nje, na mlango huu ni wa mbao nyepesi. Nimesikia, Komeo. Nilichomuuliza mimi mkewe mwezi mzima, kocha wako amekipata kwa swali moja.

"Kwa nini hukupiga kama ulivyofundishwa?"

Shemeji yako akasema, "Nilipomwona pale golini, amechutama vile vile kama mke wangu anavyochutama kwenye geti, niliona haya. Sikutaka nimshinde kwa mkono wa dada yake. Nikasema nipige yangu mwenyewe, akiidaka ni haki yake, na timu ishuke. Basi, nikapiga. Kijana akaruka kwingine. Sikuamini."

Nimelia kidogo hapa kwenye benchi. Bawabu akadhani nimefiwa.

Ninyi wawili ni wapumbavu, nawaambia kwa mapenzi yote. Mmoja hakuutumia mtego kwa sababu ananiheshimu, mwingine kauruka mtego ambao haupo kwa sababu ananiamini, na katikati mpira ukajipitia zake. Na kiwanja tukakipata. Sijui nimshukuru nani.

Kocha wako amecheka, nimemsikia. Ametoa kicheko kirefu mpaka akakohoa. Halafu akasema maneno ni matamu lakini yeye ni mtu wa uwanjani, anataka kuona kwa macho kama kweli kuna mtu anayeweza kugeuza nyonga namna hiyo, na kama kweli wewe unamsoma. Wengine hawataruhusiwa kutazama. Siri itabaki ya watu wanne na geti.

Shemeji yako akamwambia mguu wake umechoka na safari. Muongo. Akasema, "Lakini mwalimu mwenyewe yuko hapo nje."

Kwa hiyo weka spana chini. Pita kwa kipa wa akiba, umwambie nimekuja kuchukua glavu zangu, na kama ameupasua mshono wowote aanze kukimbia. Nimevaa gauni la kijani. Mpira nimeuleta kutoka nyumbani, nimeujaza upepo mwenyewe, na sasa hivi naenda kuuweka kwenye alama ya penalti.

Njoo udake. Sitakuonea huruma.

Dada yako